Wosia Niliouvika Plastiki

Kazi yangu ni kuzuia maji. Ukipanda ngazi za jengo moja la River Road hadi ghorofa ya pili, ukampita mshona mapazia na mchonga mihuri, utanikuta kwenye kiduka chenye upana wa mlango na nusu, nina mashine mbili za fotokopi na moja ya kulamineti. Watu huniletea vyeti vya kuzaliwa, vya shule, vya ubatizo na vya ndoa, nami huvipitisha kwenye ile mashine ya moto vikatoka vimevaa plastiki, vinang'aa, havijali chai wala mvua wala mate ya mtoto. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na minane. Mvua ikinyesha Nairobi siku tatu mfululizo, siku ya nne foleni yangu hufika kwenye ngazi, maana kila mtu amekumbuka lile sanduku lake chini ya kitanda.

Nina mdomo, nakubali. Mteja akiniletea cheti kilichokunjwa mara nne na kuliwa na panya pembeni, nitamhubiria kabla ya kumhudumia. Nitamuuliza kama mtoto wake naye humlaza nje. Wateja wangu wamenizoea, wengine huja wakicheka kabla sijafungua kinywa. Nasema haya ili ujue kwamba nilipokosea, sikukosea kwa kutojua. Nilijiona najua kupita kiasi, na hilo ndilo lililoniponza.

Baba yangu alikuja Nairobi akiwa kijana kutoka magharibi, akaajiriwa kutunza bustani ya familia moja ya Singasinga kule Kitisuru. Alikata nyasi za watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika miaka hiyo alinunua ploti Kabiria, wakati huo pakiwa mahindi matupu, akajenga chumba kimoja baada ya kingine. Ploti inateremka hadi kwenye kijito. Zamani kijito kilikuwa faida, mama yangu alipanda sukuma na mnavu kule chini. Ndoa yangu iliposhindikana nilirudi pale na sanduku moja, na mama alipofariki nikabaki na Baba, sisi wawili. Kaka zangu wawili wako nyumbani, magharibi, kwenye ardhi ya babu. Kwetu binti aliyerudi kutoka kwa mume hana kwake, anavumiliwa tu. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo usoni, lakini kila kaka yangu mkubwa alipokuja Nairobi alizunguka nyumba akigonga kuta kwa ngumi, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, nami nilijua anachosikiliza.

Siku moja, miaka mitatu kabla ya haya ninayosimulia, Baba aliniita akanipa bahasha ya kaki iliyobandikwa gundi na juu yake selotepu.

"Mama," akasema. Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Weka hii. Usifungue nikiwa hai."

Nilijua ni nini. Nilijua pia kwamba neno lenyewe halitamkwi. Kwetu ukitaja wosia mbele ya mzee ambaye bado anakunywa uji wake mwenyewe, unamchuria, ni afadhali umletee fundi wa jeneza ampime. Sikuuliza lolote. Niliiweka droo ya chini kabisa ya kabati langu la nguo, chini ya mashuka. Mimi, wa kuwahubiria watu River Road nzima! Niliichagua ya chini kwa sababu wezi huanza kupekua juu. Niliwafikiria wezi, sikuufikiria mto.

Mto uliingia Jumamosi mchana, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima. Nilikuwa nachambua maharagwe nikasikia miguu yangu inapata baridi. Nikatazama chini, maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita chini ya mlango wa nyuma, yamebeba sandali ya mtoto na nusu ya kabichi. Nilimshika Baba mkono nikampeleka kwa jirani wa upande wa juu, yeye akinigombeza njia nzima kwamba nimeacha redio. Niliporudi maji yalikuwa yamefika kwenye goti. Droo ya chini ilikuwa imevimba, haifunguki. Niliipasua kwa panga. Bahasha ilikuwa imekunywa maji upande mmoja, imelegea kama mkate uliochovywa.

Naapa sikuifungua ili nisome. Niliifungua ili nikaushe. Lakini nani hukausha karatasi amefumba macho? Zilikuwa kurasa tatu zilizopigwa chapa, zimeshikwa pamoja kwa pini moja ya stepla ambayo tayari ilikuwa inaanza kushika kutu. Kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na sahihi ya Baba na za mashahidi wawili, kwa kalamu ya biki, salama. Chini ya kurasa mbili za mwanzo alikuwa ameandika herufi za kwanza za majina yake kwa kalamu ya wino wa kumimina, na maji yalikuwa yamezigeuza madoa ya buluu. Katikati ya ukurasa wa pili nikasoma kwamba nyumba ya Kabiria amemwachia binti yake, peke yake.

Nilikaa kitini kwa jirani na zile karatasi mapajani. Nilifurahi, sitajifanya. Nilifurahi hadi nikaona aibu, mzee mwenyewe akiwa chumba cha pili anauliza kama uji umeiva. Tangu nirudi na lile sanduku moja, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kujiona mtu mwenye kwake.

Jumatatu nilizibeba kurasa hizo hadi kazini ndani ya Biblia. Nilifungua kiduka mapema kabla ya wateja. Nikaing'oa pini kwa ncha ya kisu, taratibu, isichane karatasi, kisha nikapitisha ukurasa mmoja mmoja kwenye mashine. Zilitoka zina joto, zimenyooka, zinapendeza kuliko siku zilipoandikwa. Nikaziweka kwenye rafu ya juu kabisa, ghorofa ya pili, mahali ambapo hata gharika ya Nuhu ingefika imechoka. Nikajipongeza. Nilisema moyoni, sasa mto na uje tena, utanikuta.

Baba sikumwambia. Tulirudi nyumbani, tukakwangua matope, tukapaka rangi upya. Nilijiambia nitamwambia mambo yakitulia.

Mwezi mmoja baadaye alikuja mteja wangu wa siku nyingi, mzee aliyekuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, mwanamume wa tai na makoti ya zamani, ambaye hutoa fotokopi za karatasi zake kila mara kama anayezihesabu. Alisimama akinitazama nikilamineti cheti cha ndoa cha mtu mwingine.

"Hiyo sawa," akasema. "Bora tu usilaminate wosia."

Nikacheka. "Kwani wosia haunyeshewi, mzee?"

"Unanyeshewa. Lakini korti haitaki plastiki, inataka karatasi. Inataka kuona wino, ishike, igeuze. Na ukitaka kulaminate lazima utoe pini, si ndio?"

"Si lazima itoke?"

"Hapo ndio shida huanza. Nimeona familia ikimalizana juu ya matundu mawili ya pini. Watu wanauliza, hii ilifunguliwa kwa nini? Ukurasa gani ulitolewa, ukawekwa gani? Na kama aliyetoa pini ndiye ameachiwa kitu..." Alitikisa kichwa. "Huyo hata akibeba Biblia mbili hakuna mtu atamwamini."

Cheti cha ndoa cha watu kilikwama kwenye mashine. Nilisikia harufu ya plastiki inayoungua nikashindwa kukumbuka swichi iko wapi. Yule mzee ndiye aliyenyoosha mkono akaizima. Alidhani nimepata presha, akaniletea kiti changu mwenyewe.

Tangu saa ile sikupata raha. Nilijishtaki mwenyewe kila siku nikiwa nimesimama pale dukani. Bahasha nilikatazwa kuifungua, nikaifungua. Pini niliing'oa mimi. Herufi za jina zimefutika kwenye ukurasa uleule unaonipa nyumba. Na mimi ni nani? Mtu mwenye kompyuta, printa, na karatasi za kila aina, River Road, mahali ambapo watu husema unaweza kuchapishiwa hata digrii ya udaktari ukisubiri chai. Ningekuwa mimi ndiye kaka yangu, ningejishuku kabla ya mtu mwingine yeyote. Kupoteza nyumba kulinitia hofu. Kuitwa mwizi wa baba yangu mwenyewe, mbele ya kaburi lake, kulinikosesha hata hamu ya kula.

Na Baba alikuwa na ngiri. Alikuwa ameificha kwa miaka mpaka ikakataa kufichika, na daktari alikuwa amempangia kupasuliwa Alhamisi moja, wiki mbili mbele. Ana miaka themanini na moja. Kila alipokohoa chumbani mwake nilisimama popote nilipokuwa nikasubiri akohoe tena, nijue yuko.

Nikaenda Kitisuru kumwona wakili. Ni mtoto wa ile familia ambayo Baba aliifanyia kazi, sasa naye ana mvi ndevu nzima na hafanyi tena kazi nyingi. Yeye ndiye aliyemwandikia Baba ule wosia, kwa heshima ya zamani. Alinikaribisha verandani, mkewe akatuletea chai ya tangawizi na chevda, vile vitafunwa vyao vya chumvi, nami nikatoa zile kurasa tatu kwenye mfuko. Alizishika, akazigeuza, akaziinua kwenye mwanga.

"Dada, hii umefanya wewe?"

"Ni mimi."

"Kazi safi," akasema, na haikuwa sifa.

Nikamuuliza, "Wewe hukubaki na kopi?"

"Nilibaki nayo, iko na sahihi zote. Nilikuwa nimeweka kwa store yetu, town, chini ya jengo." Aliweka kikombe. "Maji iliingia huko pia. Hiyo Jumamosi yako. Boksi yote ikakuwa uji."

Tulitazamana, sisi watu wawili wazima tuliosoma. Tulikuwa tumehifadhi kitu kimoja mahali pawili, na kote kuwili tuliweka chini, na mvua ya siku moja ikatupitia sote. Kama mmoja wetu angeipeleka kopi moja tu kwenye mji mwingine, au kwa msajili, au hata juu ya dari, nisingekuwa pale natafuna chevda na hofu.

"Lakini usilie," akasema. "Mzee si yuko? Akili yake si iko sawa? Basi anaandika ingine. Nusu saa. Mimi nakuja na mashahidi, anatia sahihi, imekwisha. Hii ya zamani inakuwa takataka."

"Na asipotaka?"

"Kwa nini asitake?"

"Aliniambia nisifungue akiwa hai."

Wakili alikuna ndevu zake. Halafu akasema, "Ah."

"Si ungemwambia wewe?"

"Mimi? Dada, baba yako alinifundisha baiskeli kwa hii compound. Mpaka leo namuogopa. Wewe mwambie, mimi nitaleta kalamu." Aliponisindikiza getini akaongeza, kwa sauti ya chini, "Lakini iwe kabla ya operesheni. Sitaki kukutisha."

Alikuwa ameshanitisha.

Nilianza kumvizia Baba kama paka. Asubuhi nilimpelekea uji nikiwa nimeyapanga maneno, nikamuuliza kama sukari imetosha, nikatoka. Jioni nilimnawisha miguu, nikafika hata kusema "Baba, kuna kitu," naye akasema "Kitu gani?" nikasema balbu ya jikoni imeungua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo nilichokiogopa hakikuwa hata changu.

Siku hizo naye alikuwa na tabia mpya. Kila asubuhi alitoka kwa mlango wa nyuma na bakora yake, akatembea polepole kutoka ukutani hadi kwenye ukingo wa kijito, akasimama, akarudi. Kisha akaandika kitu kwa penseli pembeni mwa kalenda. Watu wa serikali walikuwa wamepita wakichora alama nyekundu za kubomolewa kwenye kuta za majirani wa chini yetu, walio karibu na mto, na kila mtu mtaani alikuwa anazungumzia alama hizo. Mimi nilidhani Baba anafanya mazoezi ili daktari amkute na nguvu. Hofu yangu moja ilikuwa imejaa kichwani, haikuacha nafasi ya nyingine.

Jumapili kabla ya ile Alhamisi, baada ya ibada, nilipiga moyo konde. Nilimwekea chai, nikampa mkate wake wa siagi, halafu nikazipanga zile kurasa tatu mezani mbele yake. Alitazama. Aligonga ya kwanza kwa ukucha, ko ko ko.

"Umesoma," akasema.

"Nimesoma, Baba."

"Nilikwambia nini?"

"Nisifungue ukiwa hai."

"Na mimi niko hai?"

"Uko hai, Baba."

"Basi?"

Nikamweleza yote, kuanzia droo iliyovimba, pini, yule karani, hadi wakili na maboksi yake yaliyogeuka uji. Nilizungumza haraka nikiwa nimeshika meza. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, na hilo likanizidishia hofu.

"Umejua kwa wiki ngapi?"

"Sita, Baba."

"Wiki sita unaninawisha miguu, unajua, unanyamaza."

Hilo lilinichoma kuliko kama angenipiga kwa bakora. Nilipiga magoti nikaomba msamaha, mwanamke wa miaka arobaini na saba, na magoti yangu nayo si ya kupigwapigwa hovyo. Yeye alikuwa anatazama nje, kwenye mlango wa nyuma.

"Inuka," akasema. "Hata mimi nimenyamaza. Tangu maji yaingie nataka hiyo bahasha. Nataka kuandika ingine. Nikaogopa kukuomba. Ungesema, mzee ananinyang'anya." Akasukuma zile plastiki kando kama sahani zilizoliwa. "Mwite huyo kijana wa Kitisuru aje."

Nilipaswa kufurahi, maana hicho ndicho nilichokuwa nakililia. Badala yake nikaanza kujiuliza. Anataka kubadilisha nini? Ukurasa wa pili ulikuwa na jambo moja tu linalonihusu. Nilimpigia wakili nikiwa jikoni, nikasahau hata kumsalimu, akauliza kama mzee amezidiwa.

Walikuja Jumanne asubuhi, wakili na mkewe na dereva wao, hao wawili wakiwa mashahidi. Gari lao lilikwama kwenye matope ya kona yetu, majirani wakasukuma. Walipokaa wakili akanigeukia na kuniambia kwa upole nitoke, kwa sababu anayetajwa kwenye wosia hafai kukaa hapo unapoandikwa. Nikatoka nyuma. Kulikuwa na nguo za kuanika, nikazianika, nikazianua zikiwa bado na maji, nikazianika tena. Kupitia dirishani nilisikia sauti ya Baba, nzito, yenye kituo, lakini maneno sikuyapata. Mara moja nilimsikia wakili akisema, "Mzee, una hakika?" Nilishika kamba ya nguo kwa mikono miwili.

Mwishowe niliitwa. Baba alikuwa ameshika simu yake mkononi kama anayeshika kipaza sauti.

"Mpigie kaka yako mkubwa. Weka sauti kubwa, wote wasikie."

Nikapiga. Kaka yangu alipopokea, Baba hakumwamkia kwa lugha yetu kama kawaida. Alizungumza Kiswahili, ili wale wageni waelewe.

"Sikiza. Nimeandika karatasi leo, mbele ya wakili. Sitaki mtu aje kusema hakujua. Hii nyumba ya Kabiria ni yenu nyote watatu, kwa sababu si ya mtu. Ni ya mto. Mwaka jana kutoka ukuta mpaka maji ilikuwa hatua arobaini na mbili. Leo ni thelathini na tatu, nimepima mwenyewe. Serikali isipobomoa, maji yatabomoa. Siwezi kumwachia mtoto wangu maji."

"Sawa, mzee," kaka yangu akasema.

"Dada yako nampa shamba. Huko nyumbani. Lile la juu ya njia."

Kaka yangu akashusha sauti.

"Lile la ndizi?"

"Lile la ndizi."

Zile ndizi zilikuwa za kaka yangu. Alikuwa amelilima lile shamba tangu aoe, ndilo shamba zuri zaidi tulilonalo, lililo juu, lisilojua mafuriko ni kitu gani. Kaka yangu akasema tena, "Sawa, mzee," kwa sauti ya mtu anayemjibu askari, akakata.

Sikujua nimshukuru Baba au nikimbie. Nilikuwa nimetaka kuta nne za kulala, karibu na stendi yangu ya matatu na kanisa langu. Yeye alikuwa amenipa udongo ambao tangu nizaliwe nimeambiwa si wangu, na haujawahi kupewa binti yeyote wa ukoo ule. Kama nilikuwa nahofia fitina ya nyumba, sasa nilikuwa nimepewa fitina ya mizizi. Niliwasindikiza wageni hadi kwenye gari nikitabasamu tabasamu la harusini. Wakili alichukua wosia mmoja, akaniambia nakala nyingine yenye sahihi itaenda kwa binti yake Eldoret, mahali pakavu.

Hata sijafika mlangoni, simu yangu ikalia.

"Sister," kaka yangu akasema, "umemlisha mzee nini?"

"Sijamlisha kitu."

"Huyo mzee hawezi kusema maneno kama hayo. Hiyo ni akili yako. Nimesikia ulikuwa Kitisuru kwa wakili. Ulienda kufanya nini? Mzee anaenda kupasuliwa, wewe unamwandikisha karatasi?"

Kwa wiki mbili nilikuwa nimetunga majibu. Nilikuwa na jibu la pini, jibu la plastiki, jibu la wino. Hakuna aliyeuliza hata moja. Wosia ulikuwa mpya, una sahihi kila ukurasa, una mashahidi, mwenyewe ametangaza kwa sauti yake, na bado nimeitwa kile nilichoogopa kuitwa. Nilifungua mdomo, mimi ninayejulikana River Road kwa mdomo, ukatoka upepo.

Baba alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alinyoosha mkono.

"Leta."

Nikampa. Aliiweka simu sikioni, mkono wa pili ukiwa umeshika chini ya tumbo pale ngiri ilipomuuma.

"Niulize mimi," akamwambia. "Bado niko."

Akasikiliza. Akaanza kujibu kwa lugha yetu, pole pole, jambo moja baada ya jingine, tangu siku niliporudi na sanduku langu. Keshokutwa ilikuwa Alhamisi. Nilisimama kando yake bila kusogea, nikimwomba Mungu salio la kaka yangu lisiishe kabla hajauliza yote.